Panya wa Kizimba cha Saba

Siku panya wa kizimba cha saba walipopona kisukari, Daktari Mkia alirudi nyumbani amevaa koti jeupe la kazini. Koti lile lilitakiwa libaki kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha panya, na kanuni hiyo ilikuwa imebandikwa juu ya msumari wenyewe kwa herufi kubwa. Lakini mtu akiwa na habari kubwa hutafuta na vazi la kuibebea, na yeye vazi jingine hakuwa nalo.

Kabla hatujaenda mbali niseme jambo moja: Daktari Mkia ni mimi. Nitamsimulia kama mtu mwingine, maana ukimsema mwenzako ulimi huwa mwepesi, ukijisema mwenyewe unaanza kujitetea. Yale ambayo hakuyajua siku zile, nani alifanya nini nyuma ya pazia, nilikuja kuambiwa baadaye, mengine kwa upole na mengine kwa kufokewa. Udaktari wake nao usikutishe. Alikuwa mtunza panya wa maabara. Alibadilisha maranda kwenye vizimba, alijaza chupa za maji, alipima uzito, na Mtafiti alipotaka tone la damu, yeye ndiye aliyemshika panya na kumnyoosha mkia. Jina hilo alipewa na wafagiaji kwa dhihaka, naye akalipokea kama cheti.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mkewe mshonaji aliyeweka cherehani sebuleni, na mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu aliyehamia kwao tangu macho yalipoanza kumsumbua. Mama mkwe alikuwa na kisukari kwa miaka kumi na minne na mkwe huyu kwa miaka kumi na mmoja, na vyote viwili alivivumilia kwa nidhamu ileile. Insulini yake ilikaa kwenye friji, ndani ya kopo la siagi, na kila asubuhi na kila jioni alijichoma mwenyewe nyuma ya pazia bila kutoa hata mguno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja na koti? Nje kuna baridi?"

"Mama, leo tumeponya."

"Mmeponya nini?"

"Kisukari."

Mkewe alisimamisha cherehani. Daktari Mkia akavuta kiti, akakaa katikati ya sebule ambako kwa kawaida hakai, maana ndipo mama mkwe alipopenda pabaki wazi.

"Ni homoni mbili, mama. Moja inatoka tumboni, nyingine ni kichocheo cha ukuaji, kazi yake kuziamsha chembe zilizolala. Tunawachoma zote mbili kila asubuhi. Kongosho lililokuwa limekufa linaanza kutengeneza insulini lenyewe. Leo tumepima sukari. Kati ya vizimba vinane, kizimba cha saba, wote watano, sukari ya kawaida. Tena wamenenepa!"

"Nani anawachoma?"

"Sisi."

Aliyekuwa akiwachoma ni Mtafiti. Daktari Mkia alishika mkia tu. Lakini neno "sisi" lina nafasi ya kutosha, mtu mwembamba akijipenyeza pembeni nani atamwona?

"Na insulini mnawapa?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama! Ukiwapa insulini utajuaje kilichowaponya? Wanaachwa bila insulini kabisa. Kazi ni kuandika: maji wanayokunywa, uzito, kila siku, kwenye daftari lenye mistari. Sayansi ni nidhamu, mama."

Nidhamu. Angetafuta neno la kumpata mwanamke aliyeendesha shule kwa miaka ishirini na sita, asingepata zuri zaidi, na wala hakulitafuta. Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena, akamtazama mkwe wake kama mtu aliyehamia jana.

"Na sisi watu, tutaipata lini?"

Mchana uleule Mtafiti alikuwa amemwambia kwamba kati ya panya na mtu kuna njia ya miaka, na wengi wameishia njiani. Alilikumbuka hilo. Alifungua mdomo alitamke.

"Kula, daktari," mama mkwe akasema. "Chakula kinapoa."

Miaka kumi na mmoja alikuwa "huyu", au "baba", au, akiwa na wageni, "mume wa binti yangu". Daktari Mkia alikaribia kulia mbele ya sahani.

"Subiri kidogo tu, mama," akasema. "Mambo yanakuja."

Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema. Wake ulikiponza kichwa cha mwingine.


Sasa nieleze habari ya vibanio vya nguo, maana bila hivyo kisa hiki kisingekuwapo.

Kila kizimba kilikuwa na kadi mbele yake: namba, tarehe, dawa. Panya wenyewe walitambuliwa kwa alama za wino mkiani, na wino ule ulififia, hivyo kila wiki Daktari Mkia aliuchora upya kwa kufuata kadi. Siku ya kuosha vizimba kadi zilitakiwa zitolewe zisilowe. Mtafiti alisema zipangwe mezani. Yeye alibuni njia yake: alifunga kamba dirishani na kuzianika kwa vibanio vya nguo, kwa mpangilio, na kila aliyepita alimwonyesha.

Wiki mbili kabla ya ushindi ule, simu ililia akiwa ameinama kwenye karo. Mkewe alitaka aje na uzi mweusi. Akageuka, bega likavuta kamba, kadi zikamwagika chini. Nyingi aliziweza, vizimba vyake alivijua. Mbili zilimshinda: ya saba, na ya kizimba cha akiba. Kizimba cha akiba walikaa panya waliochomwa dawa ya kuwatia ugonjwa mwanzoni mwa jaribio lakini ugonjwa ukawakataa. Hawakuwa na kazi, hakuna aliyewapima, walikula na kulala kama wastaafu. Vizimba vile viwili vilikuwa kando kwa kando, vimetoka kuoshwa, maranda mapya, chupa mpya, na wino mkiani umeshafutika. Alivitazama. Akakuna kichwa. Akaweka kadi moja huku na nyingine kule, akachora mikia kwa kufuata kadi, akaenda kununua uzi.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba mfumo wake wa vibanio umeanguka?

Tangu siku hiyo kizimba cha akiba kilikuwa kinalowa. Leo ukiweka maranda makavu, kesho ni tope, na chupa tupu. Daktari Mkia alikasirika sana. Aliilaumu chupa. Alibadilisha mpira wake mara mbili, akaibandika karatasi: INAVUJA.


Siku zilizofuata ndizo alizofaidi. Mama mkwe alimwachia kiti cha katikati. Mgeni akija, alitambulishwa: "Huyu ndiye mkwe wangu daktari, wako kwenye dawa ya kisukari." Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye naye sukari ilikuwa ikimsumbua, alimnyoa bure mara mbili ndani ya wiki moja, hata akaanza kuonekana kama askari mpya.

"Usinisahau, daktari," kinyozi alisema huku akimpangusa shingo. "Hata chupa moja. Hata nusu."

"Tutaangalia," akajibu. Tena hiyo "tu".

Kazini, Mtafiti hakuwa akicheka hivyo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, viatu vyake vimeisha upande mmoja kwa kusimama, na miaka sita ya maisha yake ilikuwa ndani ya vizimba vile.

"Cha tano, cha sita na cha nane sukari imepungua kidogo tu," alisema akigonga meza kwa kalamu. "Cha saba peke yake ndiyo maajabu. Kwa nini cha saba?"

"Labda wameipenda dawa," Daktari Mkia akasema.

"Alhamisi wafadhili wanakuja. Wakiona cha saba watatupa miaka mingine mitatu. Wasipokiona, sijui." Akakigeukia kizimba. "Lakini kinanitia wasiwasi. Kizuri mno."

Daktari Mkia alimhurumia kwa kukosa imani.

Nyumbani, mkewe naye alikuwa na wasiwasi wake.

"Mume wangu, mama amepungua. Gauni nililomshonea juzi linamning'inia."

"Umri."

"Na maji anayokunywa? Jagi zima kabla ya saa nne. Choo kimekuwa chumba chake."

"Joto."

"Joto gani? Wewe si juzi umevaa koti?"

Mke alijaribu kumwuliza mama mwenyewe. Mama akamjibu kwamba alikuwa akijichoma tangu yeye binti hajajua kuvaa viatu, jambo ambalo kwa hesabu halikuwa kweli, lakini lilimnyamazisha. Pazia lilivutwa asubuhi na jioni kama kawaida. Nyuma ya pazia, mama alikaa kitandani dakika tano, sindano mkononi bila dawa, kisha akafungua daftari la shule alilolipigia mistari kwa rula, akaandika. Alikuwa akijiandaa. Kama panya wanaachwa bila insulini ili dawa ionekane, basi yeye dawa ikija itamkuta tayari, safi, na kumbukumbu zake zimepangwa. Hakutaka mkwe wake apate shida ya kumweleza mtu kwa nini mama yake hakufuata utaratibu.


Jumatano asubuhi mama mkwe aliketi mezani bila kugusa chai. Midomo ilikuwa imekauka, na pumzi yake ilinukia kama tunda lililoiva kupita kiasi.

"Daktari, nijazie jagi."

Alijaza. Mama akanywa glasi ya kwanza bila kupumua, akanywa ya pili, akashika jagi lenyewe kwa mikono miwili. Daktari Mkia alitazama saa, akaona anachelewa, akaenda.

Saa mbili baadaye alikuwa mbele ya kizimba cha akiba. Maranda yalikuwa tope. Chupa ilikuwa tupu. Akatukana mpira, akajaza chupa, akairudisha. Kabla hajaiachia vizuri, panya mmoja alisimama, akaikamata shingo ya chupa kwa mikono yake yote miwili, akanywa. Wa pili akamsukuma, akanywa. Hawakupumua.

Akabaki amesimama na jagi mkononi. Mara ya pili asubuhi ile alikuwa ameshika jagi, na mara ya pili alikuwa anatazama mikono miwili ikishika maji.

Si mpira. Mpira haukuwahi kuvuja.

Alikuwa amefanya kazi na kisukari kwa miaka minane. Hakujua kukiandika wala kukitamka kitaalamu, lakini kwa maranda alikijua kuliko profesa: maranda makavu ni mzima, maranda ya tope ni mgonjwa. Wiki tatu nzima kizimba kilimwambia, naye akakibandika karatasi. Alinyoosha mkia mmoja, akachoma, akatia tone kwenye mashine. Ishirini na tisa. Panya mzima hafiki nusu ya hapo.

Cha saba hawakupona. Cha saba hawakuwahi kuugua. Na nyumbani kuna mtu anayenywa maji namna hii.

Simu ikalia. Ilikuwa mkewe, na hakuwa na habari ya uzi.

"Njoo hospitali. Mama ameanguka mlangoni mwa choo. Nimefungua lile kopo la siagi. Chupa mpya ya insulini niliyomnunulia wiki iliyopita haijaguswa, unanisikia? Mpira wake haujatobolewa hata mara moja!"

Alikimbia. Mlangoni msumari ulimtazama na kanuni yake, lakini hakuuona. Alitoka na koti.


"Afadhali umefika, daktari," muuguzi alisema mara tu lilipoingia koti. "Mgonjwa wako sukari yake mashine imeshindwa kuisoma. Tumemwekea maji ya mshipa, lakini insulini anakataa. Anasema daktari wake amemkataza. Ni wewe?"

Wodi nzima iligeuka. Mkewe, aliyekuwa amekaa upande wa miguu ya kitanda, hakugeuka.

"Mimi si..."

"Ndiye," mama mkwe akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini fahari ilikuwamo yote. "Mwambie, mwanangu. Mwambie habari za kizimba cha saba." Akasukuma daftari kwa muuguzi kwa mkono wenye mpira wa maji.

Muuguzi alisoma jalada kwa sauti, maana hakujua anachosoma. "Kizimba cha Tisa. Daktari: mkwe wangu." Akafungua. Siku ya kwanza, maji glasi tisa, uzito kilo sitini na nane. Siku ya tano, glasi kumi na saba. Siku ya kumi na moja, glasi ishirini na sita, kilo sitini na moja. Mistari ya mwanzo ilikuwa imenyooka kwa rula. Ya mwisho ilikuwa imepinda.

"Wewe ni daktari wa nini?" muuguzi akauliza taratibu.

"Nashika mikia."

"Mikia?"

"Ya panya."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akakohoa, na ndugu zake wakampigapiga mgongoni. Nami simlaumu, hata mimi ningecheka kama ningekuwa kitanda cha pili.

"Mama," mkewe akasema, "choma hiyo sindano, nakuomba."

"Panya wa kizimba cha saba hawakuchomwa insulini," mama akajibu, "nao wamepona. Nimefika siku ya kumi na moja. Nikichoma leo nimeharibu jaribio. Daktari, mwambie mke wako."

Hapa ndipo Daktari Mkia alipotakiwa kusema. Nilimtafuta, nikamkosa. Alikuwa ametoroka na kuniachia koti lake. Basi niliyesema ni mimi.

"Mama, wale panya hawakupona."

"Si umewapima mwenyewe?"

"Hawakuwahi kuugua. Nilidondosha kadi. Nikazirudisha kwa kubahatisha. Niliowaita wa saba ni wale wa akiba, wazima siku zote. Wagonjwa wenyewe nimewasahau kwenye kizimba cha akiba, wanakunywa maji kama unavyokunywa wewe. Dawa hiyo haijaponya mtu. Haijaponya hata panya. Na mimi si daktari, mama, na mambo hayakuwa yanakuja. Nilikudanganya kwa sababu uliniita daktari."

Nilitamani yule wa kitanda cha pili acheke tena, hakucheka. Mama mkwe alinitazama, na nikaona macho ya mwalimu mkuu yanarudi polepole mahali pa yale macho mengine niliyoyafaidi siku kumi na moja.

"Ulipozidondosha, ulimwambia mkubwa wako?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu."

"Na leo ulipogundua?"

"Nilikimbia kuja hapa."

"Hujamwambia."

"Sijamwambia. Kesho ana wafadhili."

Alifumba macho. Nilidhani amezimia, nikainuka. Kumbe alikuwa anafikiri. Akavuta mkono wa gauni mpaka begani.

"Muuguzi, choma," akasema. Kisha kwangu: "Mimi nimetoa mkono. Wewe nenda ukatoe mdomo."

Sindano iliingia. Mke wangu ndipo alipolia, kwa sauti, akiwa ameshika miguu ya mama yake. Nilimgusa bega, akautoa mkono wangu, si kwa hasira, kama mtu anavyoondoa uzi kwenye nguo. Nilikuwa nimefika mlangoni mama aliponiita.

"Na hao panya wa akiba. Umewaachia maji?"

"Niliwajazia chupa, lakini sasa itakuwa imeisha."

"Basi anza na hilo. Kiu hii, mwanangu, usimwombee hata panya."


Nilianza na hilo. Mtafiti alinikuta nimepiga magoti mbele ya kizimba cha akiba, naweka chupa ya pili na ya tatu. Alikuwa ameshika michoro ya kesho, ile yenye mstari wa kizimba cha saba umeshuka chini, mzuri.

"Kwa nini hawa wana chupa tatu?"

Nikamwambia. Kadi, kamba, vibanio, uzi mweusi, yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Umejuaje?"

"Maranda."

Alipima mwenyewe, wote watano, nami nikishika mkia. Ishirini na nane. Thelathini. Ishirini na nane. Thelathini na moja. Ishirini na tisa. Akakaa juu ya gunia la chakula cha panya, akaweka michoro magotini. Nilisubiri matusi. Nilikuwa nimeyaandalia uso kabisa.

"Cha saba nikikitoa," akasema, "vinabaki vitatu. Na hivyo vimepungua kidogo tu."

"Kidogo si haba," nikasema, kwa sababu mjinga hakosi methali.

"Kidogo ni kidogo." Alichukua kalamu, akaufuta ule mstari mzuri, polepole, kwa kurudia mara tatu. "Ungeniambia siku ileile, ningepoteza asubuhi moja."

Matusi yangekuwa nafuu.

Alhamisi alisimama mbele ya wafadhili na vizimba vitatu. Sikuwapo. Mimi nilikuwa karoni, maana kuanzia asubuhi ile nilitolewa kwenye panya nikapelekwa kuosha vizimba na chupa, mpaka itakapoamuliwa kama nafaa hata kwa hilo. Alipita jioni kunichukulia ufunguo. Nikamwuliza imekuwaje.

"Wametupa mwaka mmoja. Walitaka kutupa mitatu." Akageuka kwenda, kisha akasimama. "Waliuliza kizimba cha saba kimekwenda wapi. Nikawaambia tulikosea."

"Tulikosea?"

"Tulikosea."

Aliondoka. Nilibaki na mikono ndani ya maji. "Sisi" niliyojipenyeza kupata sifa, yeye ameingia mwenyewe kubeba lawama, wala hakulazimishwa. Niliosha chupa moja kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji chupa.


Mama mkwe alirudi nyumbani baada ya siku sita. Kiti cha katikati kiliondolewa, sebule ikabaki wazi kama anavyopenda. Mke wangu alinisemesha kwa mambo ya lazima: chumvi, ufunguo, simu yako inalia. Kwa kinyozi nilikwenda mwenyewe nikamlipa nywele za mara mbili, nikamwambia aende kliniki yake kesho bila kukosa. Alihesabu hela, akanitazama kichwa, akaniambia hata hivyo nywele zenyewe hazikuwa zimenipendeza.

Jioni nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa mlango, mahali pa mtu asiye na mahali, pazia likafunguliwa.

"Wewe, mtunza panya. Njoo."

Nikaenda. Alikuwa amekaa kitandani, kopo la siagi pembeni, miwani puani. Alichomoa chupa ya insulini, akaipigapiga kwa ukucha, akanipa sindano.

"Macho yangu hayaoni tena hii mistari midogo. Kumi na mbili. Vuta, nione."

Nilivuta mpaka kumi na mbili. Miaka minane nimeshika viumbe vikichomwa, sijawahi kuchoma. Nilimwambia. Akasema basi leo nitajifunza, na nisipojifunza yeye ndiye atakayeumia, kwa hiyo nijifunze haraka. Nilichoma. Hakutoa mguno.

Kisha akafungua daftari lile. Chini ya siku ya kumi na moja alikuwa amepiga mistari mipya kwa rula, imenyooka, na safu moja imeongezwa: insulini. Akaandika kumi na mbili. Nikaona jalada. Penye neno "Daktari" alikuwa amepiga mstari mmoja, wa rula, na juu yake ameandika "Mtunzaji". Lile "mkwe wangu" hakuligusa.

"Saini hapa," akasema. "Kila asubuhi na kila jioni. Siku usiposaini nitajua hukunichoma, na siku ukisaini bila kunichoma nitajua pia."

Nilichukua kalamu. Macho yalikuwa yamejaa, mstari nikauona miwili. Nikasaini.

Mama mkwe alivuta daftari karibu na miwani yake, akaitazama saini yangu, akatikisa kichwa.

"Mwandiko mbaya," akasema. "Rudia."